Ripoti ya Coleman, na ginsi ya kuisoma huku Lubumbashi



Katika mikutano ya walimu na ya wazazi husikiwa mara nyingi neno hili: «Huko Marekani masomo ya Leta ni ya bure, kila mtoto anasoma, na ndiyo sababu inchi yao imeshinda zingine.» Tangu Septemba 2019, pale Leta ya Kongo ilipoanza kweli kuondoa malipo katika masomo ya msingi, neno hili limezidi. Wengine hulitaja kwa kusifu agizo jipya; wengine hulitaja kwa kulilaumu, wakisema: «Wamarekani wana franga, sisi hatuna.» Hawa na wale wanasema juu ya Marekani pasipo kufungua hata kitabu kimoja cha Wamarekani. Basi tumeona vema kuchukua kitabu ambacho wao wenyewe walibishana juu yake kuliko vingine, kukisoma polepole, na kuuliza kama kinatufaa sisi tunaotumika katika masomo ya Katuba, ya Kenya, ya Ruashi, na ya vijiji vya kandokando.

Kitabu hicho ni ripoti ya Profesa James S. Coleman, wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, iliyotoka mwaka 1966. Haikuzaliwa na hamu ya mwandishi peke yake. Mwaka 1964 bunge la Marekani lilipitisha sheria kubwa ya haki za raia ya kukomesha ubaguzi wa rangi, na ndani yake mlikuwa agizo: Leta ichunguze ginsi gani watoto wa rangi na wa dini mbalimbali wanavyokosa masomo yaliyo sawa. Watu walidhani jibu limekwisha kujulikana mbele ya kuhesabu. Walingojea kusoma kwamba masomo ya weusi hayana vitabu, hayana nyumba nzuri, hayana walimu wenye diploma, na kwamba kwa sababu hiyo watoto weusi wanabaki nyuma. Coleman na wenzake wakahesabu. Walipima wanafunzi zaidi ya 500,000, wakauliza walimu karibu 60,000, katika masomo karibu 4,000. Hesabu ikatoa jibu ambalo hakuna aliyelingojea.

Watoto weusi walikuwa nyuma kweli, na kadiri walivyopanda madarasa walizidi kuachwa. Lakini tofauti ya nyumba, ya vitabu na ya vyombo ilionekana ndogo kuliko ilivyodhaniwa, na haikutosha kueleza kwa nini mtoto mmoja anajua na mwingine hajui. Kilichopita vingine vyote ni jamaa ya mtoto: elimu ya baba na mama, vitabu vilivyomo nyumbani, hamu ya wazazi. Kisha wakafwata wanafunzi wenzake anaokaa nao darasani. Katika mambo ya masomo yenyewe, mwalimu alikuwa na nguvu kuliko kuta na kuliko vyombo, na zaidi sana mwalimu mwenye kujua maneno na lugha vizuri. Tena nguvu hiyo ya mwalimu ilionekana zaidi kwa watoto wa maskini kuliko kwa watoto wa matajiri.

Sentensi hii ya mwisho ndiyo iliyosahauliwa upesi. Huko Marekani wengi walishika nusu ya kitabu, wakatangaza: «Masomo hayafanyi kitu, yote ni jamaa.» Mwenye kusoma hivi anapata udhuru wa kutolipa franga kwa masomo ya maskini, na udhuru mtamu hausomwi mara mbili. Coleman hakusema hivyo. Alisema kwamba masomo ya inchi yake, ginsi yalivyokuwa wakati ule, hayakuweza kuondoa tofauti ambayo watoto waliingia nayo mlangoni. Kusema «hayakuweza» si kusema «hayawezi», na padri aliyesoma falsafa miaka mitatu anapaswa kuona tofauti hiyo.

Lakini sisi tuna lawama ingine, iliyo kubwa kuliko hiyo. Mtu akipima samaki wa ziwa moja, na wote wamo majini, mwishoni ataandika kwamba maji hayaongezi uzito wa samaki. Masomo aliyoyapima Coleman, hata yale mabaya, karibu yote yalikuwa na paa, na mabanki, na vitabu, na mwalimu aliyepata mshahara wake mwisho wa mwezi. Tofauti kati yao zilikuwa ndogo, kwa hiyo hesabu haikuona kazi yao. Na je, pale maji yenyewe yamekosekana?

Jibu la swali hili halikutoka Marekani. Lilitoka kwa jirani zetu wa Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani mmoja, Stephen Heyneman, alikwenda kupima wanafunzi wa masomo ya msingi huko. Alikuta kwamba huko Uganda utajiri wa baba na elimu yake havikueleza sana ushindi wa mtoto katika mtihani. Mtoto wa mlimaji aliweza kumshinda mtoto wa karani. Mwaka 1983 yeye na mwenzake William Loxley walitoa hesabu ya inchi 29, tajiri na maskini, na mwendo ulikuwa ule ule: kadiri inchi ilivyo maskini, ndivyo masomo na mwalimu wanavyozidi kuwa na nguvu kuliko jamaa. Wako watu waliobishana na hesabu hiyo baadaye, kwa maana inchi maskini nazo zimebadilika na matajiri wake wamejifunza kununua masomo. Hata hivyo kwa msomaji wa Lubumbashi neno hili lina uzito kuliko kurasa nyingi za Coleman. Huku kwetu mwalimu hawezi kuhesabiwa pamoja na mabanki na chaki.

Basi tutazame mwalimu huyo. Historia yake inajulikana na wasomaji wetu, tutaipita upesi. Mwaka 1906 Leta ya Mfalme Leopold ilipatana na Baba Mtakatifu: misioni zipewe udongo, nazo zifungue masomo. Wabenediktini walifika Katanga mwaka 1910 pamoja na Padri Jean-Félix de Hemptinne, atakayekuwa askofu. Wasalesiani walifika Elisabethville mwaka 1911. Mwaka 1954 waziri Auguste Buisseret alifungua masomo ya Leta yasiyo na dini, na vita ya maneno ikawaka kati ya misioni na serikali. Mwisho wa Desemba 1974 Mobutu alinyang'anya masomo yote, akafukuza somo la dini. Miaka miwili ikapita, Leta ikaona kwamba haiwezi. Tarehe 26 Februari 1977 ikatia sahihi mapatano na Waeklezya: masomo ni ya Leta, Eklezya inayaongoza, Leta inalipa walimu. Mapatano hayo ndiyo tunayoishi nayo hata leo, na neno lake la tatu ndilo lililovunjika la kwanza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa Leta ulikufa. Walimu waliacha kazi, na watoto walikuwa karibu kupoteza mwaka. Hapo maaskofu na wazazi walikubaliana kwamba wazazi wenyewe watamlipa mwalimu, kwa muda, mpaka Leta itakaposimama tena. Malipo hayo yaliitwa «prime». Kwa muda! Yalidumu zaidi ya miaka 25. Tusiwadharau waliokubali jambo hilo. Pasipo wao masomo mengi ya Katanga yangalikufa wakati ule ule Gécamines ilipokuwa inaanguka, na mama aliyeuza mihogo sokoni Kenya ili kumlipa mwalimu wa mtoto wake alifanya kazi ambayo Leta iliikimbia. Lakini hesabu ya «prime» ilikuwa na upande wa pili ambao katika gazeti la seminari hatuna haki ya kuuficha.

Franga ya mzazi haikubaki darasani. Sehemu ilikwenda kwa mwalimu. Sehemu ingine ilipanda ngazi: kwa ofisi za Leta, kwa wakaguzi, kwa ofisi za mishahara, na kwa kordinasyo za masomo za Eklezya pia, za kikatoliki kama za wengine. Kila ngazi ilikuwa na fungu lake, lililopangwa na kuandikwa. Kwa hiyo kila ofisi ilipata faida ya kufungua masomo mapya, hata pasipo walimu wa kutosha, kwa sababu kila mwanafunzi mpya alikuwa chemchemi ndogo. Tulihubiri ndani ya kanisa kwamba maskini ni wapendwa wa Kristu, na siku ya Jumatatu direkta alimrudisha nyumbani mtoto wa maskini huyo kwa sababu hajaleta malipo ya mwezi. Mtoto hakujua mambo ya ngazi. Aliona msalaba juu ya mlango, na mlango umefungwa.

Kwa hiyo wakatoliki wanaolaumu agizo la 2019 pasipo kutaja mambo haya hawasemi kweli yote. Katiba ya 2006, katika kipande chake cha 43, ilikwisha kusema kwamba masomo ya msingi ya Leta ni ya lazima na ya bure; sheria ya Februari 2014 juu ya mafundisho ikarudia. Miaka 13 ikapita kati ya neno la Katiba na tendo. Maaskofu wetu hawakupinga tendo hilo, walilikubali. Tena ilikuwa lazima, maana Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tangazo lake la mwaka 1965 juu ya malezi, ulifundisha kwamba kila mtu ana haki ya kulelewa na kufundishwa, na kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Haki hiyo haingojei risiti.

Basi tulaumu nini? Tulaumu kwamba mlango ulifunguliwa pasipo kumtazama aliye ndani. Serikali imehesabu watoto zaidi ya milioni 4 walioingia ao kurudi masomoni. Furaha ni kubwa, na iwe kubwa. Lakini kuta hazikuongezeka kwa kadiri hiyo, wala walimu. Katika makomini ya Lubumbashi yameonekana madarasa ya watoto 100 na zaidi, watatu ao wanne juu ya banki moja, wengine chini. Huko Marekani, katika Tennessee, tangu 1985 walifanya jaribio kubwa la kulinganisha darasa la watoto 13 mpaka 17 na darasa la watoto 22 mpaka 25, wakaona kwamba wale wa darasa dogo walijifunza zaidi, hasa watoto maskini. Mwalimu wa Katuba akisoma habari hiyo atacheka kwanza. Yeye angeshukuru Mungu kwa 55.

Tena wako walimu ambao Leta haijawaandika katika orodha ya mishahara. Huku tunawaita «NU», yaani «nouvelles unités», hata kama amekuwa «mpya» tangu miaka sita. Zamani aliishi kwa «prime». Agizo liliondoa «prime», na jina lake halikuingia katika orodha; kwa hiyo mtu huyu alisikia habari njema ya masomo ya bure siku ile ile alipopoteza chakula. Anaingia darasani asubuhi. Mchana anaendesha pikipiki ya wasafiri ao anauza makala. Yule aliyeandikwa naye hana raha: Oktoba 2021 walimu wa masomo ya kikatoliki waliacha kazi majuma mengi, na Septemba 2024 mwaka wa masomo ulianza tena kwa mgomo katika majimbo mengi ya Kongo, juu ya mshahara ule ule. Kama Coleman ana haki, na mwalimu mwenye kujua lugha ndiye anayemwinua mtoto wa maskini, tuulize: mtu wa namna hiyo, mwenye akili na maneno, atabaki kwa nini katika kazi hii?

Neno moja juu ya lugha, maana Coleman alilipima na huku hatulipimi. Sheria ya 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mahali kuwa lugha za kufundishia. Katika Lubumbashi wazazi wengi wanataka Kifaransa tangu siku ya kwanza, na masomo yanayojitangaza kuwa mazuri yanawapa. Mwalimu mwenye Kifaransa kifupi anawafundisha watoto wasio na Kifaransa hata kidogo. Wanarudia pamoja kwa sauti kubwa, mkaguzi anafurahi, na hakuna aliyeelewa. Mwalimu huyo huyo, akieleza kwa Kiswahili ginsi mbegu inavyoota, ana maneno mia mbili tayari mdomoni. Tumemnyang'anya chombo chake bora, kisha tunamhukumu kwamba hana chombo. (Makatekista wetu wanajua siri hiyo tangu zamani, ndiyo sababu katekismu inabaki akilini wakati hesabu imekwisha kusahauliwa.)

Sasa tufike kwenye sehemu ya Coleman ambayo wakatoliki wanaipenda. Mwaka 1982, yeye pamoja na Thomas Hoffer na Sally Kilgore, alitoa kitabu kingine cha kulinganisha masomo ya Leta, masomo ya kikatoliki na masomo mengine ya watu binafsi. Alisema kwamba wanafunzi wa masomo ya kikatoliki wanajua zaidi kuliko wenzao wa Leta wenye jamaa za namna moja, na kwamba faida hiyo inaonekana zaidi kwa maskini na kwa weusi. Mwaka 1987 yeye na Hoffer wakaeleza sababu: nyuma ya masomo ya kikatoliki kuna jumuia. Wazazi wanajuana, wanaonana Misani, wanajua watoto wa wenzao; mtoto akikosa masomo siku mbili, mama watatu wanamwuliza. Tena wanafunzi wa masomo hayo hawaachi njiani kama wengine.

Kitabu kile kiliwafurahisha sana mapadri wa Marekani, na tunaelewa. Maaskofu wao, katika mkutano wa Baltimore wa 1884, waliagiza kila parokia ijenge masomo yake, na karibu na mwaka 1965 masomo hayo yalikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 5. Leo hawafiki milioni 2. Watawa wanawake waliofundisha karibu bure wamepungua, mwalimu mlei anataka mshahara wa haki, na malipo yamepanda mpaka maskini aliyesifiwa na Coleman hawezi kuingia. Kwa hiyo hata sifa ile ilisimama juu ya mtu aliyetumika pasipo kulipwa.

Lakini je, sifa ni ya kweli? Wapo wataalamu, kama Arthur Goldberger na Glen Cain, walioipinga tangu 1982 kwa neno jepesi: mzazi anayetoa franga zake kwa masomo ya padri si sawa na mzazi asiyetoa, hata kama wana mshahara mmoja, na masomo yanayoweza kukataa ao kufukuza si sawa na masomo yanayopaswa kupokea wote. Coleman alijibu, wao wakajibu tena. Tunaona kwamba neno lao lina nguvu kuliko alivyokubali, na huku lina nguvu mara mbili. Tunajivuna kila mwaka kwa ushindi wa seminari ndogo katika mtihani wa Leta. Seminari ndogo inachagua mtoto aliyekuwa wa kwanza kijijini, inamlaza, inamlisha, inamwondolea kazi ya kuchota maji, inamfukuza kama hafai. Ushindi huo ni wa nani? Kama tunataka kujua kazi ya masomo ya kikatoliki, tutazame yale ya pembeni, yenye darasa la watoto 90 na direkta mmoja asiye na sekretari, tulinganishe alivyoingia mtoto na alivyotoka. Hesabu hiyo hakuna anayeifanya, na sababu yake haifichiki sana.

Na jumuia? Hapa tunamwona Coleman kuwa mtu wa Chicago kabisa. Katanga ilikuwa na jumuia kamili kuliko alivyoota. Karibu na 1928 Union Minière ilianza kuwakalisha watumishi wake kambini pamoja na wake na watoto, na masomo ya kambi yaliwekwa mikononi mwa misioni. Mkubwa wa kazi, padri, mwalimu, mganga, wote walimjua mtoto kwa jina. Watoto wengi walijifunza kusoma, na wazee wa Lubumbashi wanakumbuka masomo hayo kwa machozi. Lakini jumuia ile ilimlea mtoto awe mtumishi mzuri wa mgodi, si zaidi. Mlango wa masomo ya juu ulibaki mwembamba mpaka miaka ya 1950, na mapadri walijua.

Tena kuna jambo zito zaidi. Mwaka 1992 katika Likasi, na mwaka 1993 katika Kolwezi, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa manyumbani mwao. Walijazana kwenye magari-moshi na kwenye stesheni, na wengi walikufa. Kati yao walikuwa walimu wengi, pamoja na madirekta na maprefe waliofundisha watoto wa Katanga maisha yao yote. Waliowafukuza walikuwa jirani zao, walisali nao kanisa moja, watoto wao waliketi banki moja. Wazazi walijuana kweli, sawa na anavyotaka Coleman, na ilikuwa kwa kujuana huko kwamba walijua nyumba gani ya kugonga. Masomo yalibaki na matundu ambayo hayakuzibwa mpaka leo katika hesabu na fizika. Mtu akitaka kuandika juu ya jumuia ya masomo ya kikatoliki katika Katanga, aanze na mwaka ule, kisha aseme sifa anazotaka. Sisi hatukubali kuisifu jumuia pasipo kuuliza imefunga mlango kwa nani.

Limebaki neno la mwisho la ripoti ya 1966, ambalo wasomaji wengi wanalipita, nasi tunaliona kuwa lulu yake. Coleman aliwauliza watoto kama wanawaza kwamba mambo ya maisha yao yamo mikononi mwao, ao kama bahati inashinda bidii. Jibu la swali hilo dogo lilifwatana na ushindi wao kuliko mambo yote ya masomo aliyoyapima. Mtoto mweusi aliyewaza kwamba bidii yake ina faida alijua zaidi kuliko mtoto mweupe aliyewaza kwamba yote ni bahati. Padri anaweza kuona hapa kitu kilicho karibu na fadhila ya matumaini, ingawa Coleman hakutumia neno hilo na tusimbatize kwa nguvu.

Lakini matumaini hayo yanatoka wapi, na yanavunjwa na nani? Marekani wenyewe walijibu vibaya. Sheria waliyoitia sahihi Januari 2002 iliagiza kwamba mwaka 2014 watoto wote wawe wamefika kipimo cha kusoma na cha hesabu, na masomo yasiyofika yaadhibiwe. Watoto wote! Katika Atlanta walimu wakaanza kufuta majibu ya watoto na kuandika mengine. Uchunguzi wa 2011 ulitaja walimu na viongozi 178, katika masomo 44. Mwaka 2015 watu 11 walihukumiwa na baraza. Mwisho wa 2015 Leta ikabadili sheria. Mtoto wa Atlanta aliyepewa ushindi ambao hakuufanya alijifunza jambo moja tu: mkono wake si wa lazima.

Sisi tuna mtihani wa Leta tangu 1967. Siku matokeo yanapotoka, vijana wanamwagiwa poda kichwani, mtaa mzima unaimba, na ni furaha ya haki kwa aliyetumika. Lakini kila mwanafunzi wa darasa la sita sekondari anajua kwamba katika masomo mengi kuna mchango usioandikwa wa «kupokea wageni», kwamba majibu yanapita katika simu, kwamba mwenzake asiyefungua daftari mwaka mzima alipata 60 kwa 100. Wala tusiseme kwamba ni mambo ya masomo ya wengine. Masomo yenye jina la mtakatifu yamo pia. Mwalimu ambaye hajalipwa anapokea bahasha. Direkta anaogopa kushindwa na masomo ya jirani, kwa sababu wazazi watahama. Padri kiongozi haulizi, kwa sababu matokeo ni mazuri na Monsenyeri atayasoma. Na kijana mwenye bidii, aliyekataa kutoa mchango, anaketi katikati yao akiwa na swali lile lile la Coleman ndani ya moyo wake. Jibu tunampa sisi.

Kwa hiyo kama tungepaswa kuchagua kazi moja kwa kordinasyo ya masomo ya kikatoliki, mbele ya kujenga kuta na mbele ya kubishana na waziri, tungechagua hii: kusimamia mtihani wa Leta katika masomo yetu pasipo mchango hata mmoja, na kukubali mwaka ule matokeo yashuke. Yatashuka. Wazazi watalia, na masomo ya jirani yatajisifu. Kazi ya pili ingekuwa kubandika mlangoni, kila mwezi, hesabu ya franga zote zinazoingia na ngazi zinakokwenda, ya Eklezya ikiwa ya kwanza katika orodha. Hayo mawili hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Ripoti ya 1966 ina kurasa 737 kwa Kiingereza, na nyingi ni hesabu tupu. Anayekijua Kiingereza aanze na sehemu ya kwanza, iliyo ufupisho, kisha aruke mpaka sehemu ya tatu, inayohusu kujifunza na hamu ya mtoto. Zingine anaweza kuziacha pasipo hasara. Kitabu cha 1982 kinasomwa upesi zaidi, lakini kisisomwe pasipo wapinzani wake. Na anayetafuta mwanga juu ya Afrika, amtafute Heyneman wa Uganda mbele ya wote.